Kuvamia kutoka baharini kwenye gemu za vita vya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila anapojitokeza mtu aliyeteremsha jeshi lake ufuoni mwa Karthago, akapigwa, halafu akataka kujua kama kweli zamani mambo yalikuwa hivyo. Majibu yanahusu zaidi Bahari ya Kati, enzi za Wagiriki na Warumi, kwa sababu ndiko gemu nyingi za aina hii zinakochezwa. Miaka yote ni kabla ya Kristo, isipokuwa ile ya kutoka kwa gemu zenyewe na pale nilipoandika BK.

Kwa kifupi, gemu zinasema kweli au zinatudanganya?

Kwenye manowari kupigana na manowari zinajitahidi kuliko zinavyosifiwa. Zinapoharibu ni kwenye maji ya kunywa na kwenye mchanga. Kamanda wa zamani alitumia akili yake yote kutafuta mahali pa kushuka pasipo na mtu, wakati gemu inakutunza kwa kushuka palipojaa maadui. Karibu kila kasoro nitakayoitaja hapa chini inatokana na hilo.

Kwani majeshi ya kale hayakushuka pwani huku yakipigwa mishale?

Yalishuka, ila kwa nadra, na mara nyingi yalijuta. Mwaka 490 Waajemi waliteremka Marathon bila wa kuwazuia. Vita yenyewe ilikuja siku kadhaa baadaye, nchi kavu. Mwaka 415 Waathene walipoutaka mji wa Syracuse kule Sisilia, hawakujitupa mbele ya kuta zake. Walimtuma mtu wa Catana akawaambie Wasyracuse kwamba kambi ya Waathene iko wazi, waje alfajiri waiteketeze. Jeshi la Syracuse likatoka kwa miguu kwenda Catana. Usiku huohuo Waathene wakapanda vyombo vyao, na kulipokucha wakawa wanashuka kwenye Bandari Kuu ya Syracuse kwa raha zao, wakikata miti ya kujengea boma.

Ukitaka kuona kushuka kwa nguvu kulivyokuwa, soma habari za Pylos, mwaka 425. Demosthenes wa Athens alikuwa amejenga ngome ya haraka kwenye rasi ya miamba, na Wasparta wakaja na vyombo 43 kumtoa. Pale walipoelekea kushukia aliwawekea askari 60 wa ngao nzito na wapiga mishale wachache. Sitini tu. Lakini miamba ilikuwa mingi na nafasi ndogo, kwa hiyo Wasparta walilazimika kuja kwa zamu, vyombo vichache vichache. Brasidas, mmoja wa makamanda wao, aliona wenzake wanasita wasije wakapasua mbao zao. Akawapigia kelele wavipandishe vyombo mwambani hata kama vitavunjika, akamlazimisha mshika usukani wake atangulie. Aliposimama kwenye ngazi ya kushukia alichomwa majeraha mengi, akazimia, akaangukia ndani omoni, na ngao yake ikateleza ikaingia majini. Mawimbi yakaisukuma pwani. Waathene wakaiokota na kuitundika kwenye nguzo yao ya ushindi. Wasparta walijaribu siku hiyo na sehemu ya siku ya pili, kisha wakaacha.

Kwenye gemu, vyombo 43 dhidi ya watu 60 ni ushindi wa dakika tatu.

Je, hakuna aliyefaulu?

Wapo, na mmojawapo ni walewale Waathene, palepale, miezi michache baadaye. Wasparta 420 walikuwa wamezingirwa kwenye kisiwa cha Sphacteria. Waathene walishusha askari 800 wa ngao nzito pande mbili za kisiwa kabla ya mapambazuko, wakawakuta walinzi wa kituo cha kwanza bado wamelala, wakawaua. Kulipokucha ndipo waliposhuka wengine wote: wapiga mishale 800, warusha mikuki wepesi 800, na wapiga makasia wa vyombo zaidi ya 70, isipokuwa wale wa safu ya chini kabisa. Wasparta 292 walitekwa wakiwa hai, jambo lililoishangaza Ugiriki nzima. Angalia mpangilio: giza kwanza, ufuo mtupu, halafu wingi wa watu wepesi. Sijaona gemu inayomruhusu mpiga makasia ashuke na mawe mkononi, ingawa hao ndio waliokuwa wengi kuliko askari.

Na Julius Caesar kule Uingereza?

Caesar alifaulu, lakini soma maelezo yake mwenyewe uone jinsi alivyotoka jasho. Mwaka 55 alivuka na legioni 2, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Kirumi, kwenye merikebu kama 80 za mizigo. Nyingine 18 zilizobeba wapanda farasi zilishindwa kufika. Alikuta wenyeji wamejaa juu ya majabali, akasogea maili saba hadi ufuo tambarare, nao wakamfuata kwa farasi na magari ya vita. Merikebu zake zilikaa chini sana majini, kwa hiyo zilikwama mbali. Askari walitakiwa waruke na silaha zote kwenye maji ambayo hawakujua kina chake, na hawakutaka. Caesar akazitoa manowari, ambazo ni nyepesi, akazipeleka ubavuni mwa adui, zikapiga kwa kombeo, mishale na mitambo ya kurushia. Bado askari wakasitasita, mpaka mbeba sanamu ya tai, nembo ya Legioni ya Kumi, aliporuka nayo. Kuiacha nembo ichukuliwe ilikuwa aibu isiyofutika, basi wakamfuata. Walipigana vurugu tupu, kila mtu akijiunga na bendera yoyote aliyoiona karibu.

Siku chache baadaye mwezi ukapevuka, bamvua likaja pamoja na dhoruba, na merikebu 12 zikaharibika kabisa. Caesar anakiri kwamba watu wake hawakujua kwamba mwezi mpevu huleta maji makubwa. Msomaji wa Lamu au Unguja ana haki ya kucheka hapo, ila tuwe waungwana: Bahari ya Kati karibu haina kujaa na kupwa, na hawa walikuwa wamezoea kuacha chombo mchangani na kukikuta palepale.

Mwaka uliofuata alijirekebisha. Aliagiza merikebu fupi za kwenda chini na pana zaidi, rahisi kupakia na kuvuta pwani. Zikaundwa kama 600 wakati wa baridi, na jumla ya vyombo ikapita 800. Wenyeji walipoona bahari imejaa matanga waliondoka ufuoni. Hakurushiwa hata mkuki.

Kwenye Total War: Rome II jeshi likifika pwani linaingia baharini tu na merikebu zinatokea zenyewe. Ni sawa?

Si sawa. Umeona hesabu ya Caesar hapo juu: kipupwe kizima cha maseremala kwa ajili ya legioni 5 na wapanda farasi 2,000. Rome II, iliyotoka 2013, ilifanya hivyo ili mchezaji asichoke kusimamia vyombo, na kwa upande wa starehe naelewa. Lakini imeua swali lililokuwa kubwa kuliko yote kwa mkakati wa zamani: nani ana vyombo? Rome: Total War ya 2004 haikukupa vita vya majini vya kuchezwa hata kimoja, ilikokotoa matokeo tu, lakini ilikudai uwe na meli kabla ya kupeleka jeshi ng'ambo. Kwa jambo hili ile ya zamani ndiyo yenye ukweli zaidi.

Manowari moja ilibeba askari wangapi?

Wachache kuliko unavyodhani. Trireme ya Athens ilikuwa na watu 200, kati yao 170 ni wapiga makasia kwenye safu tatu kila ubavu. Askari wa ngao nzito walikuwa 10 hivi na wapiga mishale 4. Hata hao walitakiwa wakae chini kwenye sitaha, maana wakisimama na kutembea chombo kinayumba na makasia yanapotea mdundo. Kulikuwa na trireme za kusafirishia jeshi zilizobeba wengi zaidi, lakini hizo zilipoteza wepesi wa kupigana.

Safari ya Sisilia ya 415 inakupa picha ya uwiano: trireme 134 zilikwenda na askari wa ngao nzito 5,100, na farasi 30 tu, wote kwenye chombo kimoja. Kulikuwa pia na merikebu 30 za nafaka zilizobeba waoka mikate, waashi na maseremala. Majemadari walikuwa watatu wenye mawazo matatu tofauti, na manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini hilo gemu haliwezi kulionyesha kwa sababu jemadari ni wewe peke yako.

Warumi walipenda kujaza. Polybius, mwanahistoria wa kale, anaandika kwamba kwenye vita ya Ecnomus, mwaka 256, kila manowari ya Kirumi ilikuwa na wapiga makasia 300 na askari 120.

Manowari ziliweza kukaa baharini muda gani?

Hapa ndipo gemu zinapopotosha kuliko mahali pengine popote. Manowari ya makasia ilikuwa chombo cha mchana. Haikuwa na nafasi ya kulala, kupika, wala kuhifadhi maji ya kutosha. Mwaka 1987 BK Wagiriki walishusha majini trireme mpya kabisa, Olympias, iliyoundwa kwa kufuata ushahidi wa kale, na majaribio yake yakaonyesha kwamba mpiga makasia kwenye joto anahitaji karibu lita moja ya maji kila saa. Zidisha kwa 170, kisha kwa saa nane. Ndiyo maana jioni walivuta pwani, wakala, wakalala. Mbao zenyewe nazo zilihitaji kukauka, la sivyo zilinyonya maji na chombo kikawa kizito.

Matokeo yake ni kwamba anayemiliki fukwe ndiye anayemiliki bahari. Mfano bora ni Aegospotami, mwaka 405. Waathene walikuwa na vyombo 180 kwenye ufuo mtupu, bila bandari, na soko liko mbali kule Sestos. Kila asubuhi walitoka kumchokoza Lysander wa Sparta, ambaye alikuwa ng'ambo ya mlangobahari kwenye mji wenye chakula. Lysander hakutoka. Walirudi, wakatawanyika kutafuta unga. Alcibiades, jemadari wa zamani wa Athens aliyekuwa akiishi karibu, alikuja kuwaonya wahamie Sestos, wakamwambia majemadari ni wao, si yeye. Siku ya tano Lysander alituma mashua za kupeleleza, nazo zilipowaona Waathene wameshashuka na kusambaa zikainua ngao juu kama ishara. Akavuka kwa kasi. Alikuta vyombo vingine vina safu mbili za wapiga makasia, vingine moja, vingine vitupu. Manowari tisa tu zilikimbia. Vita ya miaka 27 kati ya Athens na Sparta iliamuliwa kwa sababu watu walikwenda sokoni.

Gemu itakayoniwekea hilo nitainunua siku ya kwanza.

Kugonga kwa omo kulizamisha chombo papo hapo?

Kulikitoboa, kikajaa maji, kikaelea nusu nusu. Trireme haikuwa na mzigo wa kuivuta chini, ndiyo maana washindi waliweza kuzivuta zilizogongwa na kwenda nazo kwao. Ile picha ya chombo kukatika vipande viwili na kutoweka ni ya watengeneza gemu. Ila ubavu wa pigo lenyewe usiudharau: domo la shaba la kugongea, la omoni, lililopatikana Atlit, Israeli, mwaka 1980 BK, lina uzito wa kilo 465.

Mitambo ya kurusha mawe juu ya manowari, kama kwenye Age of Empires?

Ilikuwapo tangu karne ya nne, lakini kazi yake ilikuwa kuua watu sitahani na kufagia walinzi ukutani, kama alivyofanya Caesar. Trireme yenye mtambo wa mawe inayobomoa nyumba moja baada ya nyingine kutoka mbali ni katuni. Ni katuni tamu, nakubali.

Inawezekana kuuteka mji kwa ngazi kutoka juu ya manowari?

Inawezekana, na waliojaribu walikuwa mabingwa. Alexander aliuchukua mji wa Tiro, kisiwani, mwaka 332. Lakini ilimchukua miezi saba. Alianza kwa kujaza bahari mawe na miti atengeneze njia, Watiro wakamchomea minara yake kwa merikebu iliyojazwa vitu vya kuwaka. Akagundua kwamba bila vyombo hafiki. Akavipata, zaidi ya 200, kutoka miji ya Foinike na Kupro. Sasa akafunga minara na magogo ya kubomolea juu ya merikebu. Watiro wakawa wameshatupa majabali majini zisisogee. Wamakedonia wakatia nanga ili wayang'oe, wapiga mbizi wa Tiro wakaja chini kwa chini kukata kamba za nanga. Wamakedonia wakabadilisha kamba kwa minyororo. Baada ya hayo yote ndipo ukuta wa kusini ulipopasuka na madaraja yakateremshwa kutoka vyomboni. Admetus, aliyekuwa wa kwanza kupanda, alichomwa mkuki akafa palepale.

Demetrius, aliyepewa jina la Mzingira Miji, alikwenda Rhodes mwaka 305 na manowari 200, vyombo vingine zaidi ya 170, na askari karibu 40,000. Alifunga merikebu mbili mbili na kusimamisha minara juu yake. Bandari haikuanguka. Mwaka mmoja baadaye alifanya mapatano akaondoka.

Marcellus wa Roma alijaribu Syracuse mwaka 213 kwa kwinkereme (manowari kubwa kuliko trireme) nane zilizounganishwa mbili mbili, kila jozi ikiwa na ngazi kubwa ya kuegemeza ukutani. Ndani alikuwapo Archimedes, bingwa wa hesabu, na mitambo yake: mawe kwa walio mbali, mawe kwa walio karibu, na makucha ya chuma ya kuinua omo ya chombo na kuiachia. Marcellus aliacha. Mwaka uliofuata Warumi walipata kuingia kwa ngazi za kawaida, upande wa nchi kavu, usiku wa sikukuu ya Artemi, walinzi wakiwa wamelewa.

Kwa hiyo kwenye gemu, kama unauchukua mji wenye kuta kutoka majini ndani ya zamu moja, umepewa zawadi.

Kuvamia bandari usiku je?

Lilikuwa wazo zuri. Mwaka 429 Wapeloponesi, yaani Wasparta na washirika wao, waliamua kuivamia Piraeus, bandari ya Athens, ambayo haikuwa na ulinzi kwa kuwa hakuna aliyedhani mtu angethubutu. Kila baharia alichukua kasia lake, mto wake wa kukalia na kamba ya kufungia kasia, wakatembea kwa miguu toka Korintho hadi pwani ya Megara, ambako vyombo 40 vilikuwa vimepandishwa nchi kavu. Wakavishusha usiku. Halafu wakaingiwa na hofu, upepo nao ukatajwa kama sababu, wakaishia kupora kisiwa cha Salamis. Vyombo vilikuwa vimekaa mno juani, vikawa vinavuja. Athens ikawasha mioto ya ishara, wavamizi wakarudi haraka.

Wapiga makasia walikuwa watumwa waliofungwa minyororo?

Kwa kawaida hapana. Athens iliwalipa raia wake maskini na wageni. Watumwa walitumika wakati wa dharura. Minyororo ni ya karne nyingi baadaye.

Daraja la kunguru la Warumi lina nguvu mno kwenye modi ninayocheza. Ni haki?

Haki, kwa miaka michache. Corvus, daraja lenye jino la chuma la kunasa sitaha ya adui, liliwapa Warumi ushindi wa Mylae mwaka 260. Baada ya muda halisikiki tena, na wengi hudhani uzito wake ulizifanya manowari ziyumbe vibaya kwenye bahari chafu. Modi nzuri ingekupa daraja hilo pamoja na hatari ya kupinduka.

Dhoruba kwenye gemu zimetiwa chumvi?

Zimepunguzwa chumvi. Mwaka 255 kundi la Kirumi la vyombo 364 lilipigwa na tufani karibu na Camarina, Sisilia. Zilisalimika 80. Hakuna vita ya manowari ya zama zile iliyowaua Warumi wengi namna hiyo. Manahodha walikuwa wamewaonya makonsuli kuhusu pwani ile na majira yale. Aliyekulia kwenye kusi na kaskazi hahitaji kuelezwa kwamba bahari ina miezi yake. Bahari ya Kati nayo ilifungwa kuanzia Novemba hadi Machi, wenye haraka wakatoka kwa hatari yao. Gemu nyingi zinakuacha uvamie Januari kana kwamba ni Juni.

Tembo waliwahi kusafirishwa kwa meli?

Ndiyo, na kwenye bahari iliyo jirani yetu. Watawala wa Misri wa ukoo wa Ptolemaios walikamata tembo kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, upande wa Sudan na Eritrea za leo, wakawapandisha meli maalumu kuelekea bandari ya Berenike. Meli hizo zilikaa chini mno majini kwa uzito, zikakwama kwenye mafungu ya mchanga, na mabaharia wake wakaachwa hapo na njaa. Pyrrhus, mfalme wa Epirus huko Ugiriki, naye alivusha tembo 20 kwenda Italia mwaka 280. Lakini tembo kushuka merikebuni moja kwa moja na kukimbilia adui, sahau.

Nicheze vipi ili mambo yafanane na ya kale?

Jiwekee sheria zako. Usishushe jeshi mahali ambapo adui anaweza kukufikia zamu hiyohiyo. Kila kundi la manowari limalize zamu likiwa limegusa pwani yako au ya rafiki, likishindwa, lirudi. Acha kikosi kulinda vyombo baada ya kushuka, hata kama gemu haikudai. Miezi ya baridi kaa bandarini. Na kwenye Rome II, hesabu jeshi kuwa na merikebu pale tu linapoondokea kwenye mji wa bandari.

Kampeni itakuwa ndefu na utavamia mara mbili au tatu tu. Kila mara utakuwa na roho mkononi.

Na yule kuhani wa Age of Empires anayeimba mpaka manowari ya adui inageuka rangi?

Nilikuwa nataka kumcheka, lakini kumbuka vile vyombo alivyovipata Alexander huko Tiro. Karibu 80 vilikuwa vya Wafoinike waliokuwa wakimtumikia mfalme wa Uajemi. Wafalme wao walisikia kwamba miji yao tayari imeangukia mikononi mwa Alexander, wakamwacha amiri wa Kiajemi na kuja kujiunga naye, vyombo vikiwa vizima na wapiga makasia wake ndani.